Katani Chini ya Zulia

Leo fundi kabandua zulia la gari la shangazi. Harufu ya katani iliyolowa ikanirudisha kwenye lori la baba, siku aliyonitoa Matombo kunileta mjini kuishi kwa shangazi.

Zamani lori lile lilikuwa linapiga kelele na kuunguza nyayo. Wiki ile baba alikuwa ametandika nyuzi nene za katani chini ya zulia.

"Sasa hata ukinong'ona nakusikia, mama," alitamba.

Basi sikungoja hata tufike lami.

"Baba, utakuja lini kunichukua?"

Injini ilinguruma kwa mbali, kama iko kwenye gari la jirani. Nikauliza tena, kwa sauti zaidi.

Baba akawasha redio, akaongeza mpaka mwisho.