Herufi Moja Kati ya Hodi na Kodi

Komeo la chuma likisukumwa nyuma ya mlango wa mbao hulia hivi: krrr, tak. Hata leo nikiusikia mlio huo husimama. Ninyi mnaonunua nyanya kwangu mnanijua kwa ubishi, na mnajua nahesabu kila kitu mara mbili. Basi siku nilipousikia mara ya kwanza nilihesabu makomeo: moja juu, jingine chini. Nikarudia. Mawili yale yale.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale asubuhi, Mama na mimi, mdogo wangu Amani mgongoni mwake, anaharisha tangu juzi hata machozi yamemwishia. Zahanati ya Base Camp ilituandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa Mbarara, ikatupa na pakiti mbili za unga wa chumvi na sukari: changanyeni na maji, mnyweshe njiani. Unga tulikuwa nao. Maji yalimwagika garini, chupa ilipokaliwa na mama mmoja mnene ambaye hakuomba radhi kwa sababu hakuhisi kitu. Tukashuka mahali pasipo penyewe, tukapotea ndani ya mtaa wa Nyamityobora. Amani alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha Mama.

Kwetu Wakongo wa Kivu ya Kusini anayeomba maji hanyimwi. Mama akasimama mbele ya nyumba moja, ndani bibi anaimba, akaita kwa adabu zake zote: “Hodi! Hodi, mama! Fungua, tunaomba mayi kidogo ya mutoto!”

Wimbo ukakatika. Krrr, tak. Krrr, tak.

“Mugyende!” sauti ikalia kutoka ndani. Kwa Kinyankore, lugha ya hapa, ni “nendeni” tu. Lakini masikioni mwa Mama neno lile lilikuwa na mlio wa lugha ya wale waliotutoa nyumbani. Akarudi nyuma hatua nne, mkono juu ya kichwa cha Amani.

“Twende, mwana. Iyi fasi ni mubaya.”

Twende wapi? Milango miwili ya jirani ilifungwa kabla hatujaifikia.

Ndipo akapita mwanajeshi, bila shaka wa kambi ya jeshi kule Makenke, mkate chini ya kwapa. Mama alimwogopa huyo pia. Siku ile alikuwa na woga wa kugawia mtaa mzima. Ila huyu aliongea Kiswahili.

“Nyinyi nataka nini hapa?”

“Afande, mayi ya mutoto. Banakatala kufungua.”

Akaupiga mlango kwa kiganja. “Fungua! Fungua upesi!”

Ukafunguka. Bibi mfupi, kitambaa kimemlegea kichwani, akatoa kikombe cha bati kwa mikono miwili. Nusu ya maji ilimwagika kati yake na Mama, maana mikono yote minne ilikuwa ikitetemeka.

“Umeona?” mwanajeshi akacheka. “Hii mzee hana ubaya. Nataka sauti tu.”

Alitutendea wema, sikatai. Amani alipona; leo anakula sahani mbili na kudai ni moja. Nami niliondoka kifua mbele, nikiamini tumeshinda.

Miaka ikapita. Kinyankore nikajifunza sokoni kwa kutukanwa, shule ya haraka kuliko zote. Nikagundua kwamba mlangoni hapa hawaiti “hodi”, wanaita “kodi”. Kwetu anayeita hivyo ni mtu aliyekuja kudai pango. Kwao ni jirani. Herufi moja. Nimehesabu mara mbili. Siku moja nikaita “Kodi!” kwenye mlango ule ule, kikapu kichwani, na bibi akafungua kabla sijamaliza. Mkwe wake ndiye aliyenieleza: majeshi yaliyopita mji huu zamani yalikuwa yakibisha kwa Kiswahili, na mume wa bibi alitolewa ndani ya nyumba ile baada ya neno moja, “Fungua!” Hakurudi.

Nilipomsimulia Mama jinsi yule bibi alivyokuwa akiogopa, hakuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

“Miye pia niliogopa,” akasema. “Yeye alikuwa na mulango.”

Mpaka leo, kule Nakivale, Mama huzunguka hadi bomba la mbali asipange foleni na wakimbizi wenye lugha ile ya waliotutoa nyumbani. Nao walikimbia kama sisi, watoto migongoni. Mimi ninayeweza kumpunguzisha bei mtu yeyote, Mama sijampunguzisha hata hatua moja ya safari hiyo.

Bibi naye ananipenda. Nikipita hunipa maji kwa kikombe cha bati, huenda ni kile kile, na mikono yake haitetemeki. Juzi alinishika kiganja, akaniambia kwa Kinyankore chake kitamu: “Wewe, mwanangu, ni mtu wetu. Si kama wale Wakongo. Wale wakibisha, sifungui.”

Jibu nilikuwa nalo, tena kwa lugha tatu. Lakini kila nililolipima lilihitaji sauti ya yule mwanajeshi, na mlango ule ulishawahi kufunguliwa kwa sauti hiyo, mimi nikiwa nimesimama pale kifua mbele.

“Webare, nyabo,” nikamshukuru, nikanywa maji yote.

Nilipogeuka kuondoka nikasikia nyuma yangu: krrr, tak. Krrr, tak.

Mawili. Sikurudia kuhesabu.