Mama na Neno Advansi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, darasa la sita, Bunda. Neno "late" nimelifundisha mpaka nimelichoka: mtu akichelewa ni "late", na mtu akifa naye ni "late". Watoto wanachekaga sana hapo. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, nikichelewa mstarini nimekufa?" Nilicheka na mimi.

Mama yangu alikuwa anaishi Butiama, na mihogo yake na ng'ombe wawili. Uvimbe wa tumbo aliuficha mwaka mzima. Nilipompeleka hospitali Musoma, tulikuwa njiani akaniambia, "Ukisikia siku zangu ni chache, usinifiche. Nataka padri anikute na akili zangu, niungame." Nikamwitikia. Kuitikia ni rahisi.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka. Alinitazama mimi, siyo mama. "Mwalimu, mama amekuja late. Ugonjwa uko advanced."

Hiyo ya kwanza mama hakuielewa. Ya pili aliidaka. Kwetu advansi ni fomu faivu na siksi, ni mtoto wa jirani aliyefaulu mpaka akachinjiwa mbuzi. Tulipotoka nje akaniambia, "Wewe uliishia fomu foo ukakimbilia ualimu. Mimi mwenzako nimefika advansi." Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si ni vizuri, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufanya kazi yangu. Maana mbili tu, kama ubaoni: masomo yakiwa advansi mtu amesonga mbele, ugonjwa ukiwa advansi ni ugonjwa uliosonga mbele, mtu amebaki nyuma. Sentensi moja. Nilisema, "Ni vizuri, mama."

Niliogopa uso wake. Sina sababu nyingine, na hiyo yenyewe ni ya kijinga.

Tulilala hapo hapo Musoma, Nyasho, kwa dada yangu, kesho yake nikamrudisha Butiama. Alimtangazia kila aliyekuja kumsalimia kwamba yuko advansi, dawa zinafanya kazi. Wengine waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa napiga simu kutoka Bunda, na kila nikipiga nilijiapia kwamba leo namwambia. Tunaishia kuongea habari za mvua.

Wiki ya mwisho alikuwa hali tena chakula. Dada, aliyekuwa amekuja kumuuguza, alimuuliza kama amwitie padri. Akakataa, akasema padri anaitiwa wanaokufa, yeye Jumapili ataenda kuungama mwenyewe, kwa miguu yake.

Alifariki Ijumaa alfajiri.

Nilifika asubuhi ile, na padri alifika tumeshamfunika. Alimwombea, akaivua stola yake shingoni, akaikunja taratibu, akanivuta pembeni. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliuliza tu kama mama alikuwa anajua hali yake.

"Hapana, baba," nikamjibu. "Aliniuliza, nikamdanganya."