Nafasi ya Dereva Mmoja

Masouda binti Khalfan alijipunja mwenyewe siku ya Jumanne, katika duka la magari la Wattaya, na ilimchukua siku tano kulitambua hilo.

Kwa miaka thelathini mama huyu aliwauzia Waswahili wa Maskati muhogo, majimbi, nazi na ndizi mbichi. Alianza kwa kuuzia nyuma ya gari bovu ambalo buti lake lilifungwa kwa kamba. Akaja kuwa na pikapu, kisha malori mawili, yote ya mnada. Soko lilipokuwa Mawaleh alikuwa na kibanda chake, na lilipohamishiwa Khazaen alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufika, akachagua pahala penye kivuli wenzake wakiwa bado wanalalamika. Lakini gari jipya, gari ambalo hajalikalia mtu, hakuwahi kulinunua maishani mwake. Kila gari alilopata kuwa nalo lilikuja na harufu ya mtu mwengine.

Basi alipofikisha miaka hamsini na nane akasema, sasa.

Muuzaji pale Wattaya aliitwa Loai, mtu mpole mwenye ndevu zilizochongwa kwa wembe. Ndiye aliyemweleza kuwa mteja akitaka anaweza kwenda kuchukua gari lake kiwandani, kusini mwa Ujerumani, akazunguka nalo Ulaya siku kumi na nane, kisha akalikabidhi bandarini na likaletwa kwa meli mpaka Sohar. Masouda alilipenda wazo hilo mara moja, na kwa hivyo alikunja uso. Akasema meli ni juu ya duka. Loai akasema haiwezekani. Masouda akanyanyua mkoba. Loai akaenda kuzungumza na mkubwa wake, akarudi na sharti: meli itakuwa bure, ila kwenye bima waondoe nafasi ya dereva wa pili.

"Muondoe," alisema Masouda, kabla mkubwa hajabadili moyo.

Alirudi nyumbani Khuwair ya Kusini akijiona kashinda. Jumapili ilipoletwa fomu ya bima kwenye simu, ina mstari mmoja tu wa jina la dereva, na Loai ameandika kuwa inatakiwa kabla ya adhuhuri ya Alhamisi, ndipo alipojua alichokiuza.

Mume wake, Marhoon, alikuwa mwalimu wa udereva kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya watu waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yao walijifunza kwake, na waliokuwa wakimpigia honi walikuwa wakimwamkia. Masouda mwenyewe alifundishwa naye, mama yake akiwa amekaa kiti cha nyuma na tasbihi, kama ilivyokuwa desturi siku zile. Ule mtihani wa kurudi nyuma baina ya mapipa ya chuma bila kuyagusa, Masouda aliufeli mara tatu. Mara ya nne akapita, na mwezi uliofuata Marhoon akapeleka posa. Wifi zake walikuwa wakisema alimwoa ili apumzike kumfundisha.

Mtu kama huyo kumwambia asiendeshe ni sawa na kumwambia imamu akae safu ya nyuma. Nayo ndiyo kazi iliyokuwa mbele ya Masouda, kwa sababu Marhoon alikuwa haoni.

Hakuwa kipofu. Mchana, barabara aliyoizoea, alikwenda vizuri. Lakini mwezi uliopita walikuwa wakirudi kutoka Barka baada ya magharibi, na pembeni ya njia lilisimama lori jeupe, halina taa. Masouda aliliona kwa mbali. Alingoja mume wake apunguze mwendo, akangoja, mwisho akakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kana kwamba breki iko upande wake. Marhoon alikata usukani dakika ya mwisho.

"Nimeliona," alisema.

"Najua," alijibu Masouda.

Hakuliona. Na tangu siku hiyo Masouda alitafuta sababu za kutoka mapema kila walikokwenda. Sasa huko Ujerumani kuna barabara ambazo magari hukimbia hayana kikomo, na nyumbani kuna mwanamume aliyekuwa akizungumzia barabara hizo tangu ujana wake. Jina moja tu. Akiandikwa Marhoon, ni hatari. Akiandikwa Masouda, ni fedheha, na fedheha yenyewe itafika kwa wifi yake Denmark kabla ya ndege yao.

Angeweza kulipia nafasi ya pili, pesa haikuwa shida. Lakini majina yakiwa mawili, nani angempokonya ufunguo mwalimu wake?

Kosa jengine lilikuwa kuitangaza safari kwenye kundi la simu la ukoo. Ukoo wao umetapakaa Ulaya nzima, na mtu hapiti mji wa jamaa yake bila kushuka, akipita huyo ana neno. Basi njia iliyokuwa ya siku kumi na nane ikageuka uzi wa mfumaji. Binamu wa Rotterdam alishaandaa vyumba. Wa Lisbon alituma picha ya bahari, na Lisbon hata haiko njiani. Wa London walinuna, lakini London haikuwa na mjadala: viza yake mbali, na huko hupita kushoto kama Unguja. Majirani nao wakaanza kuleta mizigo, halwa ya huyu na bizari ya yule, mpaka mmoja akaleta papa mkavu wa kupelekewa mwanawe, na Masouda akamrudishia mlangoni.

Wifi yake Bakhita, dada wa Marhoon anayeishi Aarhus, huko Denmark, alituma ujumbe wa sauti. Masouda akauweka kwa nguvu wakiwa wanakunywa chai jioni ile ya Jumapili.

"Wifi, usije ukanambia umelala kwa watu Rotterdam halafu mimi, tumbo moja na mumeo, nisione hata tairi la gari. Na kaka usimruhusu kukimbiza. Mwambie hapa kuna kamera kila mti."

Marhoon alicheka kidogo, akaangalia kikombe chake. Masouda akaona hapo ndipo pa kuanzia. Alianza mbali, kama anavyoanza na wauza nazi, ambao huwauliza kwanza bei ya kitu asichokitaka.

"Mwalimu, nafikiri tumchukue Taimur," alisema. Taimur alikuwa mtoto wa dada wa Masouda. "Ana nguvu, atatushikia usukani."

"Taimur alipita mtihani kwa dua za mama yake."

"Basi gari tulipeleke moja kwa moja bandarini. Sisi tupande treni. Watu wazima, tunakaa, tunaletewa kahawa."

"Mtu ananunua gari ili apande treni?"

Masouda akatoa bei yake ya mwisho, ile ambayo hakuna muuzaji anayeikubali.

"Au tusiende kabisa. Waje nalo wenyewe mpaka Sohar."

Alitarajia ghadhabu. Marhoon aliuzungusha mkono wa kikombe mara mbili.

"Kama unataka," alisema.

Masouda aliduwaa. Katika biashara, mtu anayekubali haraka ana jambo. Akadhani mumewe anampima, naye akarudi nyuma. "Nnasema tu," alisema, na mazungumzo yakafa hapo.

Jumatatu ikapita, Jumanne, Jumatano. Kila alipotaka kusema waziwazi, ulimi ulimwendea kwenye mambo ya njia: walale wapi, viza zimefika, halwa ifungwe vipi. Marhoon naye alijibu yote hayo kwa adabu na hakuitaja fomu hata mara moja. Masouda aliichapa kwenye karatasi, akaiweka kwenye faili la bluu juu ya meza, kama mtego.

Alhamisi alfajiri alikwenda Khazaen kupokea kontena la ndizi. Aliporudi, saa nne na nusu, faili halikuwepo.

"Veneranda," aliita.

Veneranda, mama wa Bukoba aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao mwaka wa sita, alitoka jikoni na mikono ya unga.

"Baba ametoka, mama. Amechukua lile faili lako."

"Kakwenda wapi?"

"Alisema Wattaya. Amevaa na kilemba kabisa."

Kakwenda kujiandika. Masouda aligeuka kutoka, akakutana na gari la Marhoon limeegeshwa pale pale uani, limefunikwa turubai.

"Kakwenda na nini?"

"Na teksi," alisema Veneranda. "Hata mimi nilishangaa."

Mtu ana gari mlangoni, tangi limejaa, anakwenda na teksi. Masouda aliliwaza hilo njia nzima na hakulipatia jibu, maana hofu ilikuwa imemkalia mbele. Alijiandaa. Atasema fomu ina kosa. Ikibidi, atasema hataki tena gari, na Loai azimie.

Dukani hakumwona mtu mezani. Sauti zilitoka ndani ya gari la maonyesho, milango wazi. Loai alikuwa amekaa penye usukani, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi. Kiti cha abiria alikuwa amekaa Marhoon, kilemba kimeinama, mkono wa kushoto ukipapasa baina ya viti.

"Breki ya mkono iko wapi?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Hii hapa, ammi. Kitufe."

"Kitufe. Na nikitaka kuivuta kidogo kidogo?"

"Haivutwi, ammi. Inabonyezwa tu."

"Basi mtu anayekaa hapa hana kazi."

Masouda alisimama penye mlango. "Mwalimu. Unafanya nini humo?"

Marhoon hakushtuka. "Natazama pahala pangu," alisema kwa Kiswahili, naye bado anapapasa. "Jina nishaandika."

Loai alimpa Masouda karatasi. Ilikuwa na maandishi makubwa ya kalamu nyeusi, yameanza juu ya mstari na kumalizikia chini yake, yamekata hata sanduku la tarehe: Masouda binti Khalfan, jina lote mpaka la babu.

Aliisoma mara mbili. Kisha akakaa kwenye sofa la wateja, akamwambia Loai amletee maji. Loai aliona afadhali akayafuate maji hayo mbali.

"Jumapili nilikwenda kuisajili upya leseni," alisema Marhoon ndani ya gari. "Lazima upimwe macho. Mpimaji nani? Ghadeer, mwanafunzi wangu. Mapipa alipita mara ya kwanza, si kama watu wengine. Kanambia, Mwalimu, soma mstari wa tatu. Nikamuuliza, kwani kuna mstari wa tatu?"

Masouda hakucheka bado. "Halafu?"

"Halafu kanipeleka kwa daktari. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kasema ni jambo la kawaida, wanatibu jicho moja moja, mtu anarudi nyumbani siku ile ile. Kanipa tarehe ya baada ya safari."

"Maradhi yanaondoka?"

"Yanaondoka. Kasema nitaona kuliko wewe."

Masouda alivuta pumzi mpaka chini. Mambo mawili aliyokuwa ameyabeba, moja la barabara na moja ambalo hakuthubutu kulipa jina, yalitua kwa pamoja, na hakulipia hata moja.

"Na kwa nini hukunambia tangu Jumapili?"

"Na wewe kwa nini hukunambia? Tangu lile lori la Barka unakanyaga sakafu. Nilingoja uniambie usiendeshe, nigombane, halafu nikubali kwa ajili yako. Wewe unanletea Taimur. Unanletea treni."

"Nilikuwa natafuta njia."

"Unanunua mume kama unanunua nazi, unaigonga huku na huku. Ungeuliza tu."

Hapo Masouda alicheka, na Loai, aliyekuwa akirudi na maji, akageuka tena akidhani analia.

"Lakini nna masharti," alisema Marhoon. Alitoka garini taratibu, akakaa karibu yake. "Baada ya laasiri gari halitembei. Njia napanga mimi. Na kwenye mzunguko wa barabara nikisema ngoja, unangoja."

Masouda angeyakubali yote matatu na mengine kumi juu yake. Lakini akikubali hivi hivi, mumewe angejua kiasi gani alikuwa na hofu, na hilo lilikuwa lake peke yake.

"Laasiri ya huko mwezi wa sita iko mbali, haina neno," alisema. "Njia panga, ila Lisbon tunaifuta, na kwa Bakhita siku mbili tu. Kwenye mzunguko, nitaangalia."

"Siku tatu kwa Bakhita. Dada yangu yule."

"Tatu, na papa hapandi gari langu."

"Mzunguko?"

"Nitangoja," alisema Masouda. "Ukisema kwa adabu."

Wakapeana mikono kama watu wa sokoni. Loai aliipokea fomu saa sita kasoro robo, akaitazama ile tarehe iliyokatwa na jina, akasema ataichapa upya yeye mwenyewe. Masouda akatumia nafasi hiyo kumuuliza kuhusu mazulia ya sakafuni, na akayapata.

Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi, Marhoon alimtoa mkewe mpaka kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba. Alikuwa amemwambia Veneranda ampangie mapipa manne ya maji, matupu, kwa hatua alizozihesabu mwenyewe. Masouda akasema ni mchezo huo, ameendesha malori miaka ishirini. Marhoon akasema malori anaendesha, kurudi nyuma anaomba dua.

Masouda akaingia kwenye gari la mumewe, akaweka gia, akaanza kurudi. Marhoon alisimama pembeni, mikono nyuma, uso ameuelekeza kwenye uzio kabisa, wala si kwenye mapipa.

"Umegusa," alisema.

"Sijagusa. Unaona wewe?"

"Sioni. Nimesikia. Toka nje, anza upya."