Unga wa Kiungulia

Walisema mtoto wa kijiji cha Bujonde anayelala na ndama hawezi kusomea dawa. Mzee mmoja wa kijijini, mwenye mdomo mrefu, aliwatangazia watu: "Yule? Akimaliza darasa la nne mje mnikate sikio." Basi, rafiki yangu, la nne nilimaliza, nikamaliza na mengine mengi, na leo stashahada yangu ya ufamasia imetundikwa kwenye fremu ya kioo juu ya kaunta ya duka langu hapa Kyela mjini, mahali ambapo hata mwenye baiskeli akipita nje anaiona. Sikio la mzee sikulikata. Nilimpa tu dawa ya kikohozi bure, mbele za watu.

Wateja wananilalamikia jambo moja. Mtu akisema "Nipe vidonge vya kiungulia," simpi kabla sijamhoji. Kimeanza lini? Unameza dawa gani nyingine? Umetapika? Choo kimekuwa cheusi? Wiki iliyopita mama mmoja muuza mchele alinijia juu: "We baba, nimekuja kununua dawa au nimekuja kuposwa?" Duka zima likacheka, nami nikacheka. Lakini nilipoingia stoo kumchukulia vidonge, niliusikia tena mlio wa kifuniko cha kopo kikibanduliwa kwa mpini wa kijiko, na papo hapo nikawa mtoto, niko mlangoni kwa babu.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Baba alikuwa kwenye migodi ya shaba huko Rhodesia, na alipokuja likizo alimletea babu kopo la unga mweupe. Babu alikuwa anaunguzwa kifua kila akila. Kijiko kimoja cha ule unga ndani ya maji, povu likapanda, akanywa, akacheua mcheuo wa kutikisa mianzi ya nyumba. Rafiki yake, mzee wa nyumba ya jirani, akapiga makofi: "Limewaka hilo! Sasa lipande mlima wa Tukuyu!" Tangu siku hiyo wazee wenzake walikuja kusikiliza gari likiwashwa. Kopo lilipoisha, unga ulipatikana duka la Mhindi mjini, na babu hakukosa tena.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula: ndizi za kupikwa, samaki wa ziwani, na kibuyu cha maziwa, kwa sababu babu aliamini maziwa na unga ni ndugu, kimoja kinapooza na kingine kinasukuma. Mama ndiye aliyepika na kuyatunza maziwa yale. Lakini hakuyapeleka mwenyewe, na hapa lazima nikueleze, maana vijana wa leo hawaamini. Kwetu mwanamke hakumtazama baba mkwe wake, hakusema naye, wala hakutaja jina lake. Mama akimwona babu kwa mbali aliacha njia, akaingia migombani, akainama mpaka apite. Wazee wa rika la babu nao aliwakwepa vivyo hivyo. Kanisani wote wawili walikuwa Wakristo wazuri, ila mama alitoka kwa mlango wa pembeni. Chakula cha mtu huyo alikipika kila siku kwa heshima kubwa, na hakuwahi kumwona akikila.

Msimu wa mpunga ukaingia, na babu akaanza kubadilika. Alikuwa na kiu isiyoisha. Mtungi wake, ule wa Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, tuliobadilishana nao kwa mahindi, niliujaza asubuhi, na mchana ulikuwa mtupu. Akaacha kula. Akafunga choo. Akawa anatapika, na kila akitapika anaongeza kijiko cha unga ili tumbo litulie, na maziwa juu yake ili apate nguvu. Miguu ikalegea. Nilimsimulia mama kila niliporudi na vyombo.

Siku moja mama alimbeba mdogo wangu mwenye homa hadi zahanati ya misheni. Akiwa huko alimuuliza mganga kuhusu mzee mmoja anayetumia unga mweupe. "Mzee gani?" Mama hakuweza kutaja. "Wa nyumba ile," alisema. Mganga alimjibu kwamba unga ule ni wa siku moja mbili, kidogo ndani ya maji, na mwili ukiendelea kusumbua mtu aende akapimwe. Kuunywa kila siku kwa miezi, tena pamoja na maziwa mengi, kunamgeuza mtu: kiu, kutapika, kulegea, mwisho akili inapotea. "Aache vyote viwili leo," alisema, "na mlete haraka."

Mama alirudi akitembea kama anayekimbizwa na mvua. Alijua kitu kimoja cha kumwokoa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye pekee ambaye hakuruhusiwa kumwambia.

Akanituma. Nilisimama mbele ya babu nikasema yote. Akatabasamu. "Nani kakuambia?" Ukweli niliuficha, kwa kuwa kusema "mama" kungekuwa kumwingiza mama ndani ya nyumba ile. "Mganga," nikasema. "Mganga huyo kaniona lini? Kamwambie aje kwanza acheue kama mimi." Rafiki yake akacheka mpaka akakohoa.

Mama akajaribu njia nyingine: hakunipa maziwa ya kupeleka. Siku iliyofuata yule rafiki alisimama katikati ya uwanja akipaza sauti kila nyumba isikie: "Mtoto akienda migodini, mzee ananyimwa maziwa! Ndiyo Ukristo huu?" Wanawake walimzunguka mama jikoni. "Mwenzetu, utatuaibisha. Mume wako atasikia nini?" Mama akajaza kibuyu, akanikabidhi bila kunitazama. Nilibeba kibuyu kile nikijua nabeba nini.

Alasiri moja alishindwa kuvumilia. Alikwenda nyuma ya nyumba ya babu, akaupa ukuta mgongo, akafunika kichwa kwa kanga, akasema kwa sauti. Mimi nilikuwa ndani na babu.

"Ukuta," alisema, "unga na maziwa vinaua. Mganga amesema. Ukuta, nakuomba."

Babu alijivutia blanketi usoni haraka, kama aliyekutwa uchi. Kisha akasema kutoka chini ya blanketi, polepole: "Sikusikia kitu." Halafu akasukuma kibuyu upande wangu. "Kunywa wewe. Na hilo kopo litoe."

Nilikimbia nikalimwaga shimoni. Nilidhani tumeshinda. Lakini kesho yake babu aliniita kwa jina la baba, akaniuliza kama ng'ombe wamevuka mto. Tukaita wanaume, wakamlaza kwenye machela kwenda hospitali ya misheni. Mama aliwafuata kwa mbali, nje ya njia, akipita kwenye migomba na matope ya mpunga, ili asije akaonekana. Wabebaji walipopumzika, naye alisimama. Walipoinuka, naye aliinuka. Walipoitua machela mara ya mwisho na kuvua kofia zao, alikuwa bado ng'ambo ya shamba, nami ndiye niliyevuka kwenda kumwambia.

Mimi nilikwenda shule kwa ajili ya kopo lile. Wasiojua wanasema ni akili. Akili ninayo, sikatai.

Desturi ile imekwisha. Jumapili iliyopita, baada ya chakula, mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, aliniona nikitafuna kidonge cha kiungulia. Akanikazia macho, mkono kiunoni: "Baba! Hicho cha ngapi wiki hii? Wewe unayewahoji watu dukani, nani anakuhoji wewe? Kesho unakwenda kupimwa." Nikamshukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo, mwanangu," nikarudisha kopo mfukoni kama mwizi.

Mama alikuwa ameketi pale mkekani, mzee sasa, macho bado mazima. Alimtazama mkwe wangu, akanitazama mimi, akamtazama tena. Hakucheka na wengine. Walipoondoa vyombo aliniita karibu.

"Mwanangu," aliniuliza, "babu yako alikuwa na sura gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikumbuka kijiko, povu, mcheuo, mkono ukisukuma kibuyu. Nilikumbuka blanketi. Nikamtafuta mzee chini ya blanketi lile, mama akisubiri, na uso haukuja.