Msaada wa Chakula kwa Spesiosa

Spesiosa Ndayikunda alipovushwa ziwa kuja Kigoma, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa mwembamba hivi kwamba muuguzi wa mapokezi alimpima mara mbili akidhani mizani imekwama. Hayo yalikuwa ya mwaka tisini na sita, wakati wa vita vya kwao Burundi. Akapelekwa kambini, akajifunza Kiswahili kwenye foleni ya maji, na huko huko fundi mmoja wa mashine za boti, Eliakimu, Muha wa Simbo aliyeitwa kutengeneza jenereta, akamwona, akasahau jenereta. Wakaoana, wakahamia Ujiji. Hapo ndipo unene ulipoanza.

Haukuja kwa pupa. Kila mtoto aliyezaliwa aliacha kidogo, na kila msimu mzuri wa dagaa uliongeza. Spesiosa alinunua dagaa kwenye mwalo wa Katonga, boti za uvuvi zinapotia nanga, akawaanika, akawauza kwa wafanyabiashara wa mbali. Jikoni kwake mawese hayakukauka. Alipofika umri wa watu kumwita mama mkubwa, jina lilimkaa kwa maana zote mbili.

Ukoo wake haukuuona unene huo kama ugonjwa. Waliuona kama habari njema. Mzee pekee aliyebaki wa nyumba ya baba yake alikuwa baba yake mdogo, Zénon. Huyu amani iliporudi alirudi Burundi, akapanda migomba, na kabla hajala vizuri ndizi zake machafuko ya mwaka elfu mbili na kumi na tano yakamfukuza tena, uzeeni, mpaka kambini upande wa Kasulu. Kila alipopiga simu, salamu yake ilikuwa moja: "Amahoro, mwana wanje. Bado u mnene?"

"Bado, baba."

"Mungu ashukuriwe!"

Alikuwa na picha ya Spesiosa aliyopigwa kwenye harusi ya jirani, kitenge chake kimejaa kutoka pembe hadi pembe. Aliwaonyesha majirani wa kambini. "Huyu ni wa kwetu," alisema. Watu waliitazama kama wanaotazama shamba la mtu lililokubali.

Basi goti la kulia likagoma. Spesiosa alikwenda hospitali, akapokewa na Daktari Joanitha, binti wa Bukoba aliyehamishiwa Kigoma, mpole lakini hana mzunguko wa maneno.

"Mama, goti lako ni zima. Limechoka kubeba tu."

"Nifanyeje, daktari?"

"Usile asubuhi. Anza kula saa sita mchana, acha saa mbili usiku. Na katikati ya hapo kula chakula cha nyumbani, si cha sherehe. Lakini usifanye peke yako, utashindwa. Tafuta watu wa kukusaidia."

"Watu ninao," alisema Spesiosa kwa furaha.

Na balaa lilianzia hapo, kwa sababu watu alikuwa nao kweli.

Wa kwanza alikuwa jirani yake, Bi Asumini, mama wa Kimanyema aliyefunga Ramadhani tangu utotoni. Alipoambiwa habari hiyo alijifunga khanga ya pili kiunoni.

"Kufunga? Umekuja kwa wenyewe. Ila mwenzangu, hakuna kufunga bila daku. Utakufa."

"Daktari hakutaja daku."

"Daktari ni Mkristo, atajua wapi?"

Kwa hiyo kabla ya adhana ya alfajiri Bi Asumini aligonga dirisha kwa mwiko, akamletea wali wa nazi na samaki. Spesiosa hakutaka kumvunja moyo, akala. Jioni ikaletwa futari: uji wa pilipili manga, mihogo, tambi, maandazi. Akala tena, kwa heshima. Katikati ya mchana alikuwa na chakula chake halali cha daktari, nacho alikila kwa utii.

Eliakimu naye aliapa kufunga pamoja na mkewe. Alifunga kwa bidii mbele yake. Kazini, chini ya turubai la boti, alikuwa na sufuria. Msaada wake mkubwa ulikuwa kutangaza saa. "Bado!" angesema kila Spesiosa aliposogea karibu na jiko. "Bado, mama watoto! Saa bado!" Siku moja alisema bado wakati Spesiosa alikuwa anatafuta kiberiti.

Wa tatu walikuwa wanawake wa Katonga, nao walikuwa wengi kuliko unavyodhani. Marcelina, rafiki yake wa biashara, aliona kwamba mtu hawezi kupungua bila mashahidi. Kila asubuhi walimpandisha Spesiosa kwenye mizani ya magunia, wawili wakimshika mikono kwa sababu ya goti, wengine wakiinama kusoma mshale. Wachukuzi waliacha mizigo. Wavuvi walishuka kwenye mitumbwi, wakabashiri.

"Amepungua!" alipiga kelele Marcelina.

"Hajapungua, umemnyanyua mkono!"

"Hajala tangu jana usiku, huyu! Mwacheni! Amepungua!"

Ukweli ni kwamba mshale ulikuwa unapanda, pole pole, kama mtu apandaye kilima akiwa na mzigo. Lakini nani angesema?

Asubuhi mojawapo alikuwapo dereva wa lori aitwaye Leonardi, aliyekuwa akipeleka vifaa kambini. Aliona umati. Aliona mwanamke ameshikwa mikono juu ya mizani. Alisikia kwamba hajala, na kwamba amepungua. Hakukaa kuuliza zaidi, maana lori lilikuwa linaunguruma. Alipofika kambini, akiwa amemtambua yule mwanamke kwa ile picha, alimtafuta Mzee Zénon, akamwambia alichokiona, hakuongeza hata neno.

Sasa fikiria habari hiyo inavyoingia katika sikio la kambini. Kambini mtu anapimwa mbele za watu kwa sababu moja tu. Kambini mtu asiyekula amekosa chakula. Hakuna maana ya pili.

"Mana yanje," alisema Mzee Zénon, akimwita Mungu, akakaa chini. "Njaa imefika Ujiji."

Ilikuwa miezi ile mgao wenyewe umepunguzwa, na kila familia inahesabu punje. Hata hivyo mzee alipopita kwa ndugu na picha ya harusini mkononi, hakuna aliyekataa. Huyu alitoa bakuli la mahindi, yule maharage, mwingine mafuta katika chupa ya dawa. Kaneza, mjukuu wake aliyekuwa ananyonyesha, alitoa unga wa uji wa lishe, ule wanaopewa watoto waliokonda, na akaazima kwa jirani yake, mhudumu wa afya, ule utepe wa kupimia mikono ya waliokonda, wenye rangi nyekundu, njano na kijani.

Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mzee Zénon alijipanga, akafika mbele ya afisa.

"Sababu ya safari, mzee?"

"Kupeleka msaada wa chakula."

"Kuchukua msaada."

"Kupeleka. Ujiji kuna njaa."

Afisa aliweka kalamu chini. "Njaa Ujiji?"

"Ya mtu mmoja. Lakini ni wetu."

Afisa alimtazama yule mzee mkavu kama ufito, akatazama gunia, akashika tena kalamu. "Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "chakula nimekiona kikiingia. Kutoka, hii ndiyo mara ya kwanza." Akagonga muhuri.

Spesiosa alikuwa ameketi uani asubuhi, Bi Asumini kando yake akichambua mchele wa futari, Eliakimu akijiandaa kwenda kazini, pikipiki ilipoingia na Mzee Zénon mgongoni mwa dereva, gunia mapajani.

"Baba! Shikamoo!" Spesiosa alijaribu kusimama, goti likakataa.

 Mzee alisimama pale, akamtazama tangu kichwani hadi miguuni: mashavu, mabega, kiuno, miguu. Machozi yakamtoka.

"Umevimba," alisema.

"Nini, baba?"

"Nimewaona wengi. Njaa ikikaa sana, mtu havimbi? Imeingia kwenye damu, mwana wanje." Akachuchumaa, akabonyeza muundi wa Spesiosa kwa kidole gumba kama alivyoona wahudumu wakifanya, akangoja kuona kama shimo litabaki. Kisha akatoa ule utepe, akauzungusha kwenye mkono wa juu. Ncha hazikukutana. Akauvuta. Hazikukutana. Akawageukia wengine kwa sauti ndogo ya mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Kipimo hakifiki. Hali imepita kipimo."

Bi Asumini aliufunika uso wake kwa ungo.

Mzee aliagiza moto. Uji wa lishe ukakorogwa, ukamiminwa kikombeni, akaupeleka mwenyewe mdomoni mwa Spesiosa. Hapo Eliakimu, kwa mazoea tu, masikini, akasema:

"Bado. Saa bado."

 Mzee Zénon aligeuka taratibu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kumbe chakula kipo, ila unamnyima kwa saa. Wewe Muha! Ng'ombe wa mahari uliyenipa nilimuuza nikiwa nakimbia, lakini nitamtafuta mwingine nikurudishie. Huyu naondoka naye leo."

"Unaondoka naye kwenda wapi, baba?"

"Kambini! Kuna kula!"

Spesiosa alianza kucheka, akashindwa kuacha, na mzee akaona hata akili nazo zimeguswa. Bi Asumini ndiye aliyeweka ungo chini akasema wazi, maana hakuna aliyethubutu: "Mzee, shikamoo. Mwanao hana njaa. Ni mnene mno, goti linauma. Daktari kamwambia asile asubuhi ili apungue."

"Apungue."

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Mzee Zénon alikaa juu ya gunia lake. Akaukunja ule utepe. Kisha akauliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua: "Na sisi tunakula mara moja kwa siku tangu mgao ukatwe. Kumbe ni dawa?"

Hapo kicheko cha Spesiosa kilikatika. Alitazama lile gunia. Aliijua kambi, alijua bakuli moja la mahindi linatoka wapi na nani analala bila hilo bakuli. Hakujua ajifiche wapi, na mtu wa ukubwa wake hana mahali pa kujificha. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa uji ule wote, kabla ya saa sita, mbele ya mume, jirani na baba yake mdogo. Ulikuwa mtamu, na ladha yake ilimrudisha kwenye foleni ya maji, na Spesiosa akalia.

"Chukua chakula urudi nacho, baba," alisema alipotulia. "Wana njaa kule."

"Nirudi nacho?" Mzee alishtuka. "Niwaambie nini? Kwamba umekikataa? Msaada haurudishwi. Hata sisi tulipewa yale maharage magumu kama changarawe, tuliyarudisha?" Akafikiri. "Huyo daktari alisemaje hasa?"

Alipoelezwa, uso ulimkunjuka. Alikuwa amekuja kusaidia, na jambo la kutokula asubuhi alilijua kuliko wote waliokuwapo. Tangu siku hiyo, kwa muda wote ambao kibali kilimruhusu, yeye ndiye aliyesimamia. Alimshukuru Bi Asumini kwa daku, akaomba mwiko upumzike. Alimwamuru Eliakimu anyamaze kuhusu saa. Na aliagiza kwamba chakula cha msaada kiliwe kwanza mpaka kiishe, kwa heshima ya waliotoa.

Mahindi yale yalikuwa makavu ya ajabu. Makande yaliyobandikwa alfajiri hayakukubali meno kabla ya mchana. Hivyo asubuhi nzima hapakuwa na kitu cha kula hata kama ungetaka, isipokuwa maji na hadithi za mzee, naye hakuweza kusimulia akiwa amekaa. Walitembea. Mzee alimtanguliza Spesiosa mpaka mwaloni na kurudi, akimwuliza habari za kila nyumba, na goti likanung'unika, kisha likazoea. Mchana wakala makande pamoja, Spesiosa akitafuna mpaka taya zichoke, mzee akiongezewa migebuka, samaki wa ziwani.

Kibali kilipoisha, mzee alikuwa amepata mashavu. Spesiosa alimfungia dagaa na mawese kadiri Leonardi alivyoweza kupakia. Lakini mzee alikuwa na wasiwasi.

"Wataniuliza unaendeleaje. Nikisema umepungua, watajua msaada haukutosha. Watachanga tena."

"Sema nimenenepa, baba."

"Ndiyo," alisema, akapumua. "Nitasema umenenepa."

Akasema hivyo. Kambini wakamshukuru Mungu, wakala dagaa. Na kwa kuwa zawadi haiachwi bila jibu, lori liliporudi lilikuwa na bakuli la mahindi. Spesiosa akatuma dagaa, wakatuma mahindi, na mwendo ukawa huo. Nguo zake zilipokwenda kwa fundi kupunguzwa, Daktari Joanitha alimwuliza anatumia njia gani hasa.

"Mahindi ya kambini," alijibu.

Daktari alidhani ni utani.

Mwaka uliofuata mdogo wa Eliakimu alioa kijijini Kalinzi, milimani, na pikipiki zilikataa ule utelezi wa mvua. Spesiosa alipanda kwa miguu, akipumzika kwenye kila kona, viatu mkononi. Alifika watu wameshakaa. Wenyeji wakamletea kahawa na kichane kizima cha ndizi mbivu, wakisema amekonda, jamani, mjini hamlishwi? Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Akaipokea kahawa, akainywa bila sukari, na zile ndizi akaziweka mapajani, akazifunika kwa khanga, akangoja.