Aliyemnyonyesha Sheikh Mijbil

Mtaani kwetu watu wazima wote walijua, ila hawakusema: Sheikh Mijbil, ami yake Amiri anayetawala nchi yetu, alinyonyeshwa na bibi yangu Tuffaha, mpiga tari.

Sheikh alizaliwa katika kasri la zamani, lile la udongo nyuma ya soko la samaki, na mama yake hakuwa na maziwa. Bibi alikuwa na mtoto mchanga, ndiye baba yangu Marzuq, na maziwa yake yaliwatosha wawili. Basi akaitwa. Baba huku, sheikh kule, mpaka wote wakaota meno na kuanza kumuuma. Kwa sheria yetu jambo hilo likishafanyika halifutiki. Aliyekunyonyesha ni mama yako, wanawe ni ndugu zako, na siku akifa una haki ya kumbeba na kumlaza kaburini kama vile alikuzaa.

Ujanani sheikh hakuona tabu kuyasema hayo. Kila Idi alikuja kwetu na joho lake, anambusu Bibi kichwani, anakaa chini na kula bokoboko kwa mkono mpaka mafuta yanamfika kwenye kifundo. Baba alikuwa akimtania, "Wewe ndiye uliyenyonya zaidi, tazama nilivyobaki mfupi." Sheikh anacheka.

Halafu mwanawe Nasir akafa kwa ajali ya gari, akirudi kutoka starehe za nchi jirani. Watu husema huzuni ndiyo iliyomfanya awe mkali. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba aliacha sigara, akagawa vipanga wake wa kuwindia, akamwamuru dereva ang'oe redio ya gari, na pale palipobaki tundu akawa anaweka tende. Alipanda mwenyewe juu ya paa la nyumba yake, mtu mzima vile, akakata waya wa dishi huku mabinti zake wanalia chini. Dada yake alipogombea kiti katika baraza la mji, aliandika gazetini kwamba mwanamke wa ukoo wao haifai picha yake ibandikwe ukutani, na hawajasemezana tangu hapo. Kila akizidisha, Amiri humpeleka ng'ambo kutibiwa. Watu mtaani wakaanza kuulizana, "Sheikh anaumwa nini safari hii?" na kujibiwa, "Mdomo."

Alikuwa na mema yake. Alikwenda msikitini kwa miguu, hakukubali kupishwa safu ya mbele, na hakukosa maziko ya mtu yeyote, awe tajiri au mfagiaji. Lakini ndiye aliyepiga marufuku ngoma za harusi mtaani kwetu. Askari walikuja wakachukua matari ya Bibi, makubwa kwa madogo, wakayatia nyuma ya gari kama mbuzi. Mama alilia. Bibi alisema tu, "Alipokuwa mdogo hakulala mpaka apigiwe hilo la katikati."

Tangu siku ile hakuja tena kwetu kwa Idi. Baba alipofariki alituma magunia ya mchele, mwenyewe hakufika.

Na ndiye aliyeleta mambo yale ya makaburini. Zamani mwanamke akifa, wachimba kaburi ndio waliomshusha. Siku ya kumzika mke wa muoka mikate, sheikh alizuia jeneza kwa mkono wake. "Ana kaka yake, yuko njiani. Asiguswe na mtu wa kando." Ikabidi tusubiri, jeneza juani, mpaka kaka akafika anahema. Watu walinung'unika lakini wakakiri ana haki. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kanuni: mwanamke hushushwa na wanaume wake tu.

Bibi alipolala kitandani na kujua kwamba hatainuka, aliniita.

"Yakuti, nenda kwa Mijbil. Mwambie siku yangu ikifika anishushe yeye. Wewe bado mikono yako myembamba, utaniangusha."

Mama akaruka. "Mtu aliyekunyang'anya matari yako!"

"Tari ni tari," Bibi akasema. "Yule nimemnyonyesha."

Nilikwenda. Baraza lake lilikuwa limejaa vijana wa msikitini kwake, wenye kanzu fupi, wanaomsikiliza kana kwamba kila neno lake litaulizwa kesho. Nikavua viatu, nikakaa karibu na mlango. Kahawa ilikuwa inapita. Aliponitazama nikasema, "Mungu akupe umri. Bibi yangu Tuffaha anakusalimu. Anasema siku yake ikifika—"

"Anaumwa?" akanikatiza.

"Anaumwa sana."

"Mungu amponye. Mpeni mtoto asali ampelekee."

Kijana mmoja aitwaye Duaij, aliyekaa kulia kwake, akageuka. "Tuffaha yupi, Sheikhe? Yule wa ngoma?"

Sheikh akatikisa kikombe, vile mtu anavyotikisa kuonyesha kahawa imemtosha, na kumbe kilikuwa bado kimejaa. Ikamwagikia vidole. "Mwanamke wa mtaani," akasema, huku anajifuta. "Amezeeka."

"Mungu amwongoe," Duaij akasema.

"Amina," akasema sheikh.

Nilirudi na asali. Bibi aliitazama, akanitazama mimi.

"Hakusema kitu?"

"Kulikuwa na watu."

"Ana watu sikuzote," akasema. "Makaburini ataona mwenyewe la kufanya."

Alifariki wiki ile ile. Tulimsalia alasiri, na sheikh alikuwepo, kwa sababu hakosi. Alisimama nyuma na vijana wake. Tulipofika kaburini, mchimba kaburi akauliza kama ilivyo ada sasa, "Wanaume wake?"

Nikatoka mimi. Peke yangu.

"Mwingine nani? Mmoja hatoshi."

Baba alikuwa ameshazikwa, safu ya tatu kutoka pale. Bibi hakuwa na kaka. Kisha, bila mtu kuwaambia, wazee mmoja mmoja wakageuza macho nyuma, alipo sheikh. Vijana wake nao wakaona wazee wanatazama, wakageuka pia, hawajui kinachotafutwa. Nikawaza, sasa atavua viatu ashuke.

Sheikh akakohoa. "Dini ni nyepesi," akasema. "Ikiwa wanaume wake hawatoshi, mtu mwema yeyote ashuke. Hakuna ubaya."

Mzee Muftah, aliyepiga ngoma na Bibi miaka yote, alicheka cheko la ajabu. "Nyepesi! Mke wa muoka mikate tulimwanika juani kwa ajili yako, Mijbil. Leo imekuwa nyepesi?"

"Mzee, adabu!" Duaij akafoka. "Sheikh unamwita kwa jina lake?"

"Nilimwita hivyo akiwa na kamasi, nitaanza lini kumpamba? Mijbil, mwanangu, sema neno moja tu halafu ushuke. Hakuna atakayekucheka."

Sheikh alitazama viatu vyake. Nilimwona vizuri, nilikuwa nimesimama karibu. Midomo ilicheza kidogo, nikadhani neno linakuja. Ikaja sauti ya chini: "Jua kali. Mteremsheni."

Nikashuka mimi na mchimba kaburi. Mikono yangu haikumwangusha. Nilipokuwa namlaza katika mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi, niliwaona waliosimama juu wanatazama pembeni, angani, popote ila kwetu, na uso wangu ukawaka. Nilijihisi kama tumekwenda kuomba kitu mbele ya watu wote tukanyimwa, na sasa tunajifanya hatukuomba.

Nyumbani Mama akaniuliza, "Nani aliyemshusha nawe?"

"Mchimba kaburi."

Akavuta ushungi mpaka puani. "Wanawake wakikuuliza, usiwajibu," akasema, ingawa wote waliokuwa chumbani walikuwa wameshasikia.

Siku ya mwisho ya matanga, mimi na Mzee Muftah tulisimama mlangoni kupokea pole. Sheikh Mijbil alikuja kwa miguu, peke yake. Akanishika mkono, akasema maneno yanayosemwa. Nilidhani atapita akakae mbele na wakubwa. Badala yake aligeuka, akasimama kando yangu, uso kuelekea mlangoni kama mimi. Mzee Muftah alimtazama, akasogea kumpa nafasi.

Waliofuata walipata shida. Mmoja alimpita akanipa mkono mimi, akarudi nyuma, akampa na yeye, hajui aseme nini. Kisha akaingia Duaij na wenzake.

"Mungu akupe umri, Sheikhe, njoo ukae mbele."

"Nipe pole."

"Pole ya nani?"

"Ya mama yangu."

Duaij alitabasamu, akadhani hakusikia vizuri. "Mama yako, Mungu amrehemu, si alifariki mimi sijazaliwa?"

"Tuffaha alininyonyesha," sheikh akasema, kwa sauti ambayo hata wenye vikombe kule mwisho waliisikia. "Nipe pole."

Duaij akampa mkono. Hakuuachia haraka. "Basi juzi, pale makaburini..."

"Ndiyo," sheikh akasema.

Duaij akaenda kukaa, na kahawa alipopewa aliishika tu.

Mama, kutoka nyuma ya pazia, alinituma nimpelekee sheikh kiti. Alikikataa. Tulisimama bega kwa bega mpaka magharibi ikakaribia, watu wanampa pole yeye, kisha wananipa mimi, na kwa muda wote ule hakunitazama, nami sikuweza kumtazama. Watu walipopungua akasema, macho yakiwa mlangoni, "Mwambie mama yako, siku ile ulikuja ukaufikisha ujumbe."

"Sikumaliza kuusema," nikamjibu.

"Uliobaki niliusikia."

Akaingia mtu mwingine, na sheikh akanyoosha mkono kumpokea.