Sharti la Mwalimu Hamdiya

Mwalimu Hamdiya binti Amur alikuwa na sharti moja, na alilishika kama mtu aliyeapa: msichana akishaingia katika kundi lake la washangiliaji, haruhusiwi kuingia kundi jingine lolote. "Njia mbili zilimshinda fisi," aliwaambia kila mwanzo wa mwaka, na wao wakaitika kwa pamoja, "Ndiyo, abla," jina waliloitia kila mwalimu wa kike, kwani hapakuwa na aliyethubutu kuitika vingine.

Alizaliwa Tabora, binti wa mwenye duka la vitambaa, na shuleni kwao alikuwa mchezaji wa netiboli mwenye jina lake. Alipotimiza miaka kumi na sita baba yake aliwahamishia wote Maskati, mji alioujua kwa kusimuliwa tu. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu na cha salamu. Darasani wenzake walimcheka matamshi. Uwanjani hakuna aliyemcheka. Hapo ndipo alipojua kazi yake itakuwa nini. Akasomea ualimu wa michezo, akaolewa na Thabit, mtumishi wa wizara, na mwaka 1990 akapata kazi katika shule moja ya binafsi ya wasichana, mtaa wa Ghubra.

Ushangiliaji uliingia shuleni humo kwa mkanda wa video. Mwalimu mkuu aliuleta kutoka safarini: wasichana wanapiga makofi kwa mpigo mmoja, wanaruka, wanapandana mabegani mpaka wanakuwa mnara, na aliye juu kabisa anarushwa hewani, anageuka, anadakwa na waliosimama chini. Hamdiya aliutazama mkanda ule mpaka picha zikaanza kukwaruza. Akachagua wasichana kumi na wanne, akateremsha mapazia ya ukumbi ili mwanamume yeyote asiwaone, akaanza. Baada ya miaka miwili shule tano za mjini zilikuwa na makundi yao, na kila mwezi wa Machi walishindana mbele ya mama zao na dada zao, wanawake peke yao, vigelegele mpaka masikio yanaziba.

Wijdan alikuja mwaka 1996, ana miaka kumi na miwili, mwepesi kama pamba, hana hofu hata chembe. Kwao walikuwa watu wa Unguja, wakikaa Sib, nje kidogo ya mji, na kila asubuhi basi la shule lilimchukua huko. Hamdiya alimpandisha juu ya mnara wiki ya kwanza na hakumshusha tena. Miaka mitatu alikuwa juu. Miaka miwili kati ya hiyo walirudi na kombe. Walimu wengine walimwita "binti yako," na Hamdiya, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto wa kike, hakuwasahihisha.

Siku moja ya mwaka 1999, baada ya mazoezi, aliona mikono ya Wijdan ina michubuko kuanzia kiwiko hadi kiganja.

"Nani kakupiga?"

"Hapana aliyenipiga, abla." Wijdan aliteremsha mikono ya nguo. "Nlikuwa nadaka mtu."

"Unadaka? Wewe wa juu unadaka nani?"

Msichana akaona hana pa kupita, akasema kweli. Tangu miezi saba nyuma, kila Alkhamisi, alikuwa akienda kwenye ukumbi mmoja wa akina mama pale Sib. Dada mmoja aitwaye Nawar, aliyejifunza mchezo huu alipokuwa akisoma ng'ambo, alikusanya wasichana wa mtaani, wa shule za serikali na wasiosoma pia, akawafundisha. Walikuwa na mashindano yao madogo. Na huko Wijdan hakuwa juu. Alikuwa chini, mmoja wa wanaobeba na kudaka.

"Wamekuweka chini?" Hamdiya aliuliza, na sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Wewe?"

"Nimeomba mwenyewe, abla. Kule kila mtu anabadilishwa. Na mimi nkikaa chini ndo nnajua wa juu anatakiwa akanyage wapi. Hujaona mwaka huu siyumbi?"

Alikuwa ameona. Alikuwa ameona na akajisifu moyoni kuwa ni mafunzo yake. Maneno yale yalimchoma mahali ambapo asingependa mtu apaone, na badala ya kuuliza zaidi alisema, "Chagua. Kule au hapa."

Wijdan alichukua mkoba wake. Basi lilikuwa linapiga honi nje.

Jumamosi iliyofuata Hamdiya aliendesha gari mpaka Sib kumwona mama yake Wijdan, Bi Bakhita, mjane mwenye sauti ya chini, aliyemkaribisha kwa chai ya tangawizi na mikate ya ufuta. Hamdiya alizungumza kwa adabu zote. Alisema juu ya kuvunjika mifupa, juu ya mitihani, juu ya watu wasiojulikana wanaofundisha wasichana kwenye kumbi za kukodi. Kila neno alilosema lingeweza kuwa la kweli. Hakusema kwamba anaona wivu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa amejua bado.

Bi Bakhita alizungusha kikombe chake. "Mwalimu, mimi sijui michezo. Ila nnajua mwanangu. Tokea afe baba yake, Alkhamisi ndo siku n'nayomsikia akicheka. Ana shoga yake kule, Zakiya, watoto hawa wamependana kama walozaliwa pamoja."

"Ataweza kumwona Zakiya wakati mwingine, Bi Bakhita. Mimi nnamtakia kheri."

"Nnajua." Bi Bakhita aliweka kikombe chini. Hamdiya alikuwa mwalimu, alikuwa mkubwa, alikuwa mgeni ndani ya nyumba. "Basi kama wewe ndo unayeona hivyo, mwalimu."

Wijdan akaacha kwenda kwa Nawar. Hakugomba wala hakununa. Aliendelea kuja mazoezini, akapanda, akarushwa, akageuka, akadakwa, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesubiri zamu yake hospitalini. Hamdiya alijiambia, amekua sasa, ametulia.

Na kweli alikua. Kwenye likizo ya kiangazi ile alirefuka hata mama yake akamshonea nguo mpya mara mbili. Aliporudi shuleni Septemba, wasichana wa chini walijaribu kumnyanyua na magoti yao yakatetemeka. Hamdiya alijaribu wiki tatu. Ya nne akampandisha msichana mdogo aitwaye Fajr, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na uzito wa kuku.

Wijdan alimfuata ofisini. "Abla, nitie chini."

"Chini si mahali pa kutiwa mtu tu. Wale wamefundishwa miaka miwili."

"Na mimi nimefundishwa. Nlikuwa nasimama chini Sib. Nnajua kupokea mgongo, nnajua kupokea miguu. Nipime tu."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Dakika tano za kumpima zingetosha. Lakini kumpima kungekuwa kukiri kuwa yule Nawar, ambaye Hamdiya hajamtia machoni hata siku moja, alimfundisha mtoto kitu ambacho yeye hakumfundisha. "Mafunzo ya kule siyajui," alisema. "Siwezi kuweka mtoto wa mtu mikononi mwa mafunzo nisiyoyajua."

Wijdan alisimama pale, mrefu kuliko mlango wa kabati, hajui mikono aiweke wapi. Kisha akasema, "Haya, abla," akatoka. Kule Sib nafasi yake ilikwishachukuliwa na mwingine, na hata isingechukuliwa, aibu ya kuondoka bila kuaga ilimzuia kurudi. Msichana aliyekuwa na makundi mawili akawa hana hata moja.

Machi ya mwaka 2000 alikuja kwenye mashindano pamoja na mama yake, akakaa safu ya tatu. Kundi la Ghubra lilianza vizuri. Mnara ukajengwa, Fajr akarushwa, na akiwa hewani aligeuka kwa kuchelewa, nusu tu. Wale wa chini walikuwa wamezoea kudaka mtu asiyekosea. Miaka yote walimdaka Wijdan peke yake, naye alikuwa akishuka palepale anapotakiwa. Walinyoosha mikono mahali alipopaswa kuwa. Fajr akashukia pembeni, juu ya mkono wake.

Katika ule ukelele Hamdiya aliinua macho na kumwona Wijdan. Alikuwa amesimama safu ya tatu, magoti yamekunjwa, mikono yote miwili mbele, viganja juu. Kwa moyo alikuwa amekwenda kule alikoanguka Fajr, lakini mwili wake ulikuwa mbali hatua ishirini. Bi Bakhita alimshika nguo, akamkalisha.

Mkono wa Fajr ulivunjika mahali pawili. Ulipona, lakini mtoto hakupanda tena, na mama yake hakumlaumu mtu, jambo lililomwia Hamdiya zito kuliko kulaumiwa. Nyumbani Thabit alimwambia ajali ni ajali, ni majaaliwa. "Majaaliwa ndiyo," alijibu. "Lakini kuna mtu aliyeweza kusimama pale, na mimi ndiye niliyemwambia asisimame."

Zilimchukua wiki nyingi kujitoa nyumbani siku ya Alkhamisi na kwenda Sib. Nawar alikuwa mdogo kuliko alivyomfikiria, mjamzito, amekaa juu ya kiti cha plastiki, anahesabu kwa Kiarabu na Kiswahili vikichanganyika. Hakuuliza umekuja kufanya nini. Alimvutia kiti cha pili. Hamdiya alitazama saa mbili nzima. Aliona wasichana wakibadilishana: wa juu anashuka, wa chini anapanda, hata wanene walinyanyuliwa kidogo ili wajue hofu ya juu inavyokuwa. Aliona wakifundishwa kumdaka mtu aliyekosea makusudi.

"Wengine wana timu nyingine?" aliuliza.

"Nusu yao," Nawar alisema. "Mmoja anacheza voliboli, wengine wana makundi ya shule. Mimi napenda. Akishindwa kwangu, Jumatatu atashinda kule. Akinichoka mimi, ana mwalimu mwingine. Mtoto mwenye pahala pamoja tu, pahala hapo pakifungwa anakwenda wapi?" Kisha akaongeza, bila ubaya, "Nilikuwa na mmoja kutoka shule yenu. Yule alikuwa na mikono! Sijui kilimpata nini."

Hamdiya alisema, "Kilichompata ni mimi."

Mwaka uliofuata sharti lilikwisha. Aliwaambia wasichana wake wanaweza kwenda Sib, wanaweza kwenda popote penye mtu mzima mwenye akili. Walirudi na mambo: hesabu mpya za mpigo, namna ya kuanguka bila kujiumiza, marafiki wa mitaa ambayo wasingeikanyaga. Mmoja aliyekuwa akilia kila akikosea alijifunza kucheka, kwa kuwa kule alikuwa ndiye mbovu kuliko wote na hakuna aliyemfukuza. Kombe walilipata mara moja tu tangu hapo. Lakini hakuna mfupa uliovunjika. Watu walimsifu Mwalimu Hamdiya kwa fikra zake mpya, na kila sifa ilimrudisha kwa msichana aliyesimama ofisini hajui mikono aiweke wapi.

Wijdan hakurudi kundini hata sharti lilipokwisha, akamaliza shule. Hamdiya alisikia kwamba anafanya kazi katika ofisi ya bima, kwamba ameposwa, kwamba uposo umevunjika. Alitaka kumtafuta. Kila mwaka alitaka, na kila mwaka alipata sababu.

Mwaka 2006 akafa Bi Bakhita. Hamdiya alikwenda msibani siku ya pili, akavua viatu miongoni mwa viatu mia, akaketi na wanawake, akapokea kahawa. Wijdan alikuwa pembeni mwa ukuta, amejifunga mtandio mweusi, uso umevimba kwa kilio. Watu walipopungua Hamdiya alisogea, akampa mkono wa tanzia, na kisha maneno aliyoyabeba miaka sita yakamtoka vibaya, bila mpango.

"Nilikukosea, Wijdan. Nimekuja kukutaka radhi. Pale nilipokutoa Sib, na pale nilipokataa kukupima. Sikuwa nakulinda. Nilitaka uwe wangu peke yangu."

Wijdan aliinua uso.

"Mama naye alijilaumu," alisema. "Akisema, 'Yule mwalimu nlimkubalia kwa kumwonea haya, na sijaisahau siku ile.' Kafa nalo."

"Basi nisamehe na kwa ajili yake."

"Nimekusamehe, abla. Zamani. Lakini usinitake niseme hakikuwa kitu." Alifuta macho kwa pindo la mtandio. "Si kombe. Makombe sikuyajali hata nilipokuwa juu. Akina Zakiya walihamia Salala, mbali huko kusini, mwaka ule ule, na mimi sikwenda kumuaga, kwa sababu nliona haya kuingia ukumbini. Sina hata picha yake. Kule hapana aliyenijua kuwa ni Wijdan wa Ghubra. Nlikuwa mtu tu, miongoni mwa watu, na mikono yangu ikifaa."

Hamdiya alitaka kusema kwamba mwakani watahitaji mwalimu msaidizi, kwamba Nawar bado anamkumbuka, kwamba mlango uko wazi. Aliyasema yote. Wijdan alimsikiliza kwa adabu, kama mama yake alivyomsikiliza zamani, akasema, "Inshallah, abla," kisha akainuka kumpokea shangazi aliyekuwa akiingia.

Alipostaafu mwaka 2008, Hamdiya alianza kwenda Sib kila Alkhamisi. Nawar alimpa kazi ya kuwafunga wasichana bendeji za vifundo vya miguu na kukaa na wadogo. Namba ya simu ya ukumbi aliiandika kwenye karatasi, akampelekea Wijdan kule ofisini kwake kwa mkono wa mtu wanayejuana. Karatasi ilipokewa. Wijdan hakuja, si mwaka ule wala uliofuata, na Mwalimu Hamdiya hakumtumia nyingine.